Wasomaji Wanauliza: Tanzanaiti ya maabara, dhahabu ya marehemu mama na pete yenye maneno ndani

Barua za safari hii zimeegemea pande mbili: vito vinavyonadiwa kuwa ni "rafiki wa mazingira", na vito vya kuagiza, vyenye jina au alama ya mwenyewe. Tumejibu kwa urefu pale ambapo wasomaji wanapoteza fedha nyingi zaidi.

Nimeona mtandaoni tangazo la "tanzanaiti ya maabara, isiyoharibu mazingira", karati 5, kwa bei ya gauni. Je, ni tanzanaiti kweli, ila tu haikuchimbwa? — R. K., Nairobi

Hapana. Almasi, yakuti na zumaridi hutengenezwa maabara na kuuzwa kila siku, na zina maada ileile ya zile za ardhini. Tanzanaiti haimo katika orodha hiyo: hakuna tanzanaiti ya maabara inayouzwa sokoni. Inatoka sehemu moja tu duniani, Mererani, wilaya ya Simanjiro mkoani Manyara, ilikojulikana mwaka 1967. Kwa hiyo anayekuuzia "tanzanaiti ya maabara" anakuuzia jiwe jingine lililotiwa rangi. Mara nyingi huwa ni kioo, zirkonia (jiwe la kutengenezwa la kuigizia almasi), au jiwe la maabara liitwalo forsteraiti, ambalo ndilo linalofanana nayo zaidi.

Kuna vipimo vitatu unavyoweza kuvifanya bila kifaa cha gharama. Kwanza, lizungushe jiwe polepole chini ya mwanga mweupe. Tanzanaiti huonyesha bluu ukiitazama upande mmoja na zambarau ukiigeuza. Kioo na zirkonia hubaki rangi ileile kila upande. Pili, chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, tazama kupitia uso wa juu wa jiwe hadi kwenye mistari ya michongo ya chini. Ukiona kila mstari umekuwa miwili, kama maandishi unayoyasoma macho yakiwa na machozi, shuku forsteraiti, kwa sababu tanzanaiti haigawanyi mstari kiasi cha kuonekana wazi hivyo. Tatu ni uzito. Zirkonia ni nzito sana kwa ukubwa wake, zaidi ya mara moja na nusu ya tanzanaiti, ndiyo maana "karati 5" za zirkonia huonekana ndogo ukiziweka kando ya karati 5 za tanzanaiti.

Ukishajua kwamba jiwe ni halisi, bado kuna la kutazama. Karibu tanzanaiti zote zimechomwa. Jiwe likitoka ardhini huwa na ukahawia, na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi huuondoa na kuiacha bluu. Hilo ni jambo la kawaida, rangi hiyo haitoki tena, wala si udanganyifu. Udanganyifu ni kupaka utando wa rangi juu ya jiwe hafifu ili lionekane la bluu iliyokolea. Mawe ya namna hiyo yaligunduliwa sokoni mwaka 2008. Tazama kwa lenzi kwenye kona ambapo michongo inakutana: utando huanza kuchubuka hapo, na utaona vidoa vyeupe kwenye ncha za jiwe lililo bluu kote.

Kama nia yako ni jiwe ambalo halijaguswa na tanuri, tafuta tsavoraiti, kito cha kijani. Nayo ilionekana mwaka 1967 upande wa Tanzania, kisha ikapatikana Taita Taveta, na jina lake limetokana na Tsavo. Kijani chake hutokana hasa na madini ya vanadiamu, nayo huuzwa ilivyotoka ardhini bila kuchomwa. Ni ngumu kuliko tanzanaiti, hivyo huvumilia pete ya kila siku. Kasoro yake ni udogo: jiwe safi la zaidi ya karati 2 ni adimu na bei yake hupanda ghafla. Karati 1 ni gramu 0.2, basi usiishangae punje ndogo kama mbegu ya papai kuwa na bei ya ng'ombe.

Tunafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Mchumba wangu anataka almasi ya maabara kwa sababu haikuchimbuliwa. Baba anasema hiyo ni bandia. Nani mkweli? — N. M., Dar es Salaam

Baba amekosea katika neno "bandia", ila ana hoja asiyoisema. Almasi ya maabara ni almasi: kaboni tupu, ugumu uleule, mng'ao uleule. Hukuzwa kwa njia mbili. Moja hukandamiza kaboni katika joto la nyuzi zaidi ya 1,300 na mgandamizo mkubwa mno. Ya pili huiotesha almasi tabaka kwa tabaka juu ya kipande chembamba cha almasi, ndani ya chombo chenye gesi ya methani na haidrojeni. Macho hayatofautishi wala lenzi ya sonara haitofautishi. Mashine ya maabara ya vito ndiyo hutofautisha.

Hoja ya baba ni thamani ya baadaye. Bei ya almasi za maabara imeshuka sana miaka ya karibuni, na dukani hawainunui tena kwako kwa bei ya maana. Inunueni kwa sababu mnaipenda, msiihesabu kuwa akiba.

Kuhusu mazingira, uchimbaji una madhara ya kweli. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Lakini kukuza almasi kunakula umeme mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na viwanda vingi viko China na India, ambako sehemu kubwa ya umeme hutokana na makaa ya mawe. Muulizeni muuzaji swali moja: kiwanda kinatumia umeme gani, na kuna karatasi inayothibitisha? Akirudia tu neno "kijani" bila karatasi, hamna alichowauzia zaidi ya neno.

Jambo la mwisho: moisanaiti si almasi. Ni kaboni na silikoni, ina ugumu wa 9.25 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, na hung'aa kwa rangi za upinde wa mvua kuliko almasi. Kalamu za kupimia almasi kwa joto hudanganyika na kuisoma kama almasi. Ni jiwe zuri kwa bei yake ya halali. Dai cheti chenye namba, kisha usome namba hiyohiyo kwa lenzi kwenye mzingo wa jiwe, ambako almasi nyingi zenye cheti huandikwa kwa leza.

Marehemu mama ameniachia bangili mbili na mkufu uliokatika, vyote vya karati 21, jumla gramu 12. Nataka pete na hereni za kisasa za karati 18. Sonara anasema nimwachie, nirudi baada ya wiki mbili. Naogopa. — Z. S., Unguja

Dada Z., hofu yako ina msingi, lakini wazo lako ni zuri kuliko yote tuliyoulizwa safari hii. Dhahabu iliyomo kwenye kijaluba cha mama haihitaji shimo jipya wala zebaki ya wachimbaji wadogo. Hakuna dhahabu safi kwa mazingira kuipita hiyo. Inachotaka ni hesabu, na uifanye kabla ya moto kuwashwa.

Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, si cha uzito kama ile ya vito: karati 21 ni sehemu 875 za dhahabu tupu katika 1,000. Gramu 12 mara 0.875 ni gramu 10.5 za dhahabu tupu. Karati 18 ni sehemu 750. Gawanya 10.5 kwa 0.75, unapata gramu 14. Maana yake sonara ataongeza gramu 2 za fedha na shaba, na wewe utakuwa na gramu 14 za karati 18. Watu wengi hupeleka gramu 12 za karati 21, wakarudishiwa gramu 12 za karati 18 na kushukuru, kumbe wameacha nyuma gramu 1.5 za dhahabu tupu. Mwambie pia rangi unayoitaka: shaba ikizidi dhahabu huwa na wekundu, fedha ikizidi inaelekea kwenye unjano wa kijani.

Kabla ya kuyeyusha, fanyeni haya mbele yako:

Pimeni kila kipande peke yake kwa mizani ya tarakimu mbili baada ya nukta, na uandike. Pimeni usafi kwa jiwe la kupimia na tindikali, au kwa mashine ya eksirei inayosoma ndani ya dakika moja. Mashine hiyo husoma uso tu, kwa hiyo bangili nene ikwanguliwe kidogo sehemu iliyojificha. Usishangae mkufu ukisoma chini ya 21, kwani kila palipoungwa pana ulehemu wa karati ndogo, na mkufu una maungio mengi.

Kama bangili ni za ndani tupu, uliza zimejazwa nini. Bangili nyingi za kizamani za pwani zilijazwa nta au utomvu ili zisibonyee, na uzito huo si dhahabu. Utaujua ukweli moto ukipita.

Kateni kifungo cha mkufu na kukiweka kando. Ndani yake mna springi ndogo ya chuma. Ikiingia kwenye dhahabu iliyoyeyuka, huacha vijiwe vigumu vinavyokwaruza na kupasua bamba. Pitisheni sumaku juu ya vipande vyote. Kibaya zaidi ni ulehemu wa bati na risasi, ule wa mafundi wa redio. Kama kuna fundi aliyewahi kuunga bangili kwa huo, paonekane na pakatwe pote, maana risasi kidogo sana inatosha kuifanya dhahabu ivunjike kama biskuti inapopitishwa kwenye rola. Mawe na lulu zitolewe kwanza.

Kuyeyusha kwenyewe ni dakika chache. Kaa hapohapo: chungu, boraksi kidogo ya kusafishia, moto, na baada ya kumimina, kipande kimoja kizito kilichopoa kipimwe tena. Uzito huo ndio unaoandikwa kwenye risiti yako. Baada ya hapo unaweza kwenda nyumbani.

Kazi ya tupa na kung'arisha hula dhahabu. Kubalianeni mapema upungufu wa kazi ni asilimia ngapi, na mabaki ni ya nani. Pete za kisasa nyingi huchorwa kwa kompyuta, zikachapwa kwa nta, kisha zikamiminwa. Hapo una kipimo kizuri mkononi: pima nta ya pete, zidisha kwa 15.5, utapata uzito wa karibu wa karati 18. Nta ya gramu 0.35 itakuwa pete ya gramu 5.4 hivi. Hereni za gramu 4 zikiongezwa, jumla 9.4. Zinazobaki ni za njia ya kumiminia, ambayo hukatwa, na za upungufu. Kipande hicho kilichokatwa ni chako. Udai, au kipunguzwe kwenye ujira.

Ukitaka kuweka tanzanaiti kwenye pete hiyo, ukingo wa dhahabu ulizunguke jiwe lote, usitumie kucha nne nyembamba. Tanzanaiti ina mstari mmoja ndani yake ambapo hupasuka kwa pigo dogo, na ugumu wake ni kati ya 6 na 7. Vumbi la barabarani lina mchanga wenye ugumu wa 7, nao huikwaruza taratibu kila unapoipangusa. Kwenye hereni au kidani hukaa salama zaidi. Na siku pete ikihitaji kupanuliwa, jiwe litolewe kwanza. Moto wa fundi ukiligusa, hupasuka papo hapo.

Mchumba wangu yuko Toronto, mimi niko Mombasa. Anachongesha pete yenye alama ya kidole changu nje, na "Penye nia pana njia" ndani. Nimpelekee kipimo vipi? — F. A., Mombasa

Usitumie uzi, hunyooka. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita 5, uzungushe kwenye shina la kidole, utie alama ya kalamu pale unapopandana, uulaze kwenye rula usome milimita. Fanya hivyo mara tatu: asubuhi, jioni na siku nyingine. Joto na chumvi huvimbisha kidole. Kifundo kikiwa kinene kuliko shina, pima vyote viwili na uchukue cha katikati, la sivyo pete itapita kwa sabuni tu, au itazunguka ovyo ikishafika. Ukipata milimita 54, hiyo ni 54 ya Ulaya na karibu 7 ya Marekani na Kanada. Pete ikiwa na upana wa milimita 6 au zaidi, ongeza nusu namba. Na kama utahamia kwake, kumbuka Januari ya Toronto husinyaza vidole. Pete iliyokuwa sawasawa Mombasa huteleza ndani ya glavu, nyingi hupotea hivyo. Afadhali pete iwe na kokwa mbili ndogo ndani, upande wa kiganja, zinazoongezwa au kutolewa na sonara.

Maneno yenu yana herufi 16 na nafasi tatu. Kwa herufi zenye kimo cha milimita 1.5 yataingia bila kubanana kwenye mzingo wa 54, na nafasi ya muhuri wa karati itabaki. Aagize uandishi uanze mbali na sehemu ya chini ya pete, maana hapo ndipo pete hukatwa ikipanuliwa, na neno litakatika. Leza huandika kwa kina kidogo, na miaka ikipita hufifia. Mkono wa fundi huchimba zaidi.

Alama ya kidole: paka wino wa muhuri kidogo, gusa karatasi nyeupe laini bila kubonyeza, rudia mara kumi na uchague ile ambayo mistari haijaungana. Ichanganue kwa skana, nukta 600 kwa inchi, maana picha ya simu hupinda pembezoni. Mistari ya kidole imepishana kwa karibu nusu milimita, hivyo pete ya milimita 4 hubeba mistari minane tu. Mkitaka ionekane kuwa ni alama ya mtu, iwe pana, au ipunguzwe kwa kompyuta. Na utumie kidole usichokitumia kufungulia simu wala benki, kwa sababu alama hiyo inapita kwenye mikono ya watu usiowajua.

Mkufu wenye jina langu, Imani, umekuwa mwekundu baada ya miezi miwili, halafu ukakatika kwenye herufi ya mwisho. Muuzaji alisema ni "dhahabu ya karati 18". — I. W., Arusha

Kilichokuwa cha karati 18 ni utando tu. Vito vingi vya kuchovya vina utando wa sehemu mbili au tatu za kumi za mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Jasho, marashi na maji ya bahari huumaliza, shaba ikajitokeza. Ukitaka kuchovya kunakodumu, dai mikroni 2.5 juu ya fedha ya 925, muhuri wa 925 uwe nyuma, na ujipake marashi kwanza ndipo uvae.

Kukatika ni kosa la uchoraji. Bamba la fedha liwe na unene wa milimita 1, na hakuna sehemu ya herufi iwe nyembamba kuliko milimita 1.2. Vipete vya kuungia mkufu viwe juu kabisa ya herufi ya kwanza na ya mwisho, na viunganishwe kwa ulehemu. Vikibanwa tu kwa koleo hufunguka. Vikiwekwa katikati ya kimo, jina hupinduka chini juu. Nukta ya "i" ishikane na herufi, ndiyo huanza kung'oka.

Wanaoagiza kwa herufi za Kiarabu wawe waangalifu zaidi. Be, te na nuni zikiwa katikati ya neno zina umbo moja, nukta ndizo huzitofautisha, na mashine isiyojua kusoma huzisogeza ili zishikane na kitu. Mpe mchoro mtu anayesoma Kiarabu kabla chuma hakijakatwa.

Bangili ya shaba ya njano kutoka Kibera imenitia ukijani mkononi. Ina sumu? — J. O., Kisumu

Ukijani ni shaba iliyokutana na jasho, huoshwa kwa sabuni ukaisha. Isafishe bangili kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha kabisa, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa ndani, na urudie ikichubuka. Kazi hizo huyeyushwa kutoka makufuli, funguo na mabomba ya zamani, na tunazipenda. Tahadhari moja tu: shaba ya funguo na mabomba mara nyingi huwa na risasi kidogo, kwa hiyo mtoto mchanga asiwekewe mdomoni wala asichezee.

Nimeuziwa kitana na bangili za ng'amba. Ni vitu vya asili, si ndiyo? — Msomaji, Lamu

Vya asili, na haramu kisheria. Ng'amba, yule kasa wa baharini, yuko katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ukisafiri nazo zitakamatwa pamoja na wewe. Pembe ya ng'ombe iliyopashwa moto na kung'arishwa ina madoa ya asali yanayokaribia sana yale ya ng'amba.

Dawa ya meno inasafisha vito? — S. H., Muscat

Inakwaruza. Ina unga wa kusugulia unaoacha mikwaruzo kwenye dhahabu na kuitoa lulu mng'ao. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto vinatosha kwa dhahabu, almasi na tanzanaiti. Tanzanaiti usiiweke kwenye mashine ya mtetemo wala ya mvuke, hata kama duka linatoa huduma hiyo bure. Lulu ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke ikiwa imelazwa, maana uzi wake ukiwa umelowa hunyooka ukiutundika.